Neno Mbuga na Ubao wa Matangazo: Uhakiki wa Lugha ya Tahadhari ya Mafuriko katika Shinyanga na Geita

Wahakiki wetu wamezoea kuichukua kazi ya fasihi, iwe shairi, riwaya au tamthilia, wakaitazama kwa pande mbili, fani na maudhui, kisha wakatoa hukumu. Ni kazi njema, na mimi nikiwa mtunzi wa mashairi nimepata kufaidika nayo na pia kuumizwa nayo. Lakini iko aina moja ya maandishi ambayo husomwa na Watanzania wengi kuliko diwani zetu, nayo bado inangoja mhakiki. Nasema juu ya tangazo: ile karatasi ibandikwayo kwenye ubao wa ofisi ya kata, yenye muhuri na sahihi, inayowaambia wananchi jambo gani linakuja na wao wafanye nini. Katika makala haya nakusudia kuhakiki tangazo la namna moja tu, yaani tahadhari ya mafuriko, kama lilivyoandikwa na linavyoandikwa katika nchi ya Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita. Na kwa kuwa si uungwana mhakiki kuanza na makosa ya wenzake, nitaanza na tangazo nililoliandika mwenyewe.

Ilikuwa mwaka 1997, wakati zilipokuwa zikitarajiwa mvua ambazo wananchi hadi leo huziita mvua za El Niño. Nilikuwa karani kijana katika ofisi moja ya wilaya ya kanda hiyo. Wakubwa wangu walijua kwamba naandika mashairi, basi nikapewa kazi ya kuandika tahadhari kwa Kiswahili kizuri. Niliifanya kwa bidii kubwa. Niliandika kwamba wananchi wote waishio mabondeni wanatakiwa kuhamia mara moja kwenye maeneo ya miinuko. Kwamba mvua zitakuwa juu ya wastani. Na kwamba atakayekaidi agizo hilo atakuwa amejitakia madhara mwenyewe. Niliona fahari hasa kwa sentensi hii ya mwisho, kwa maana ilikuwa na mizani kidogo. Tangazo likapigwa chapa kwenye stensili, likasambazwa katani, na nakala moja nikaipeleka mimi mwenyewe kwa baiskeli hadi kijiji kimoja cha wakulima, mwenyekiti akaisoma mbele ya mkutano.

Alipomaliza kusoma, bibi mmoja aliyekuwa amekaa chini ya mti aliniita. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akaniuliza: "Mjukuu wangu, hilo bonde mnalolisema liko upande gani?" Nikageuka kuangalia nipate kumwonyesha. Nchi yote ilikuwa imelala kama mkeka. Kwa macho yangu hapakuwa na bonde wala mwinuko, isipokuwa majabali mawili mbali sana ambako hakuna mtu anayeweza kulima wala kujenga. Watu wakacheka, si kwa ubaya. Mimi nikasema kila mtu anajua mwenyewe, nikapanda baiskeli.

Mwezi Januari maji yakaja. Hayakuja kwa kishindo. Yalipanda polepole usiku, yakaingia katika nyumba saba zilizokuwa karibu na barabara, yakaua mbuzi waliofungwa zizini, na mzee mmoja asiyeona alitolewa kwa kubebwa mgongoni. Nyumba ya yule bibi, ambayo kwangu mimi ilikuwa juu sawasawa na zile saba, haikuguswa. Kwa miaka mingi nilidhani ilikuwa bahati.

Ilinichukua muda kufahamu kwamba tangazo langu lilikosea kabla halijatoka ofisini. Neno bonde ni neno la watu wa milima na la watu wa pwani. Dar es Salaam lina maana kamili: mtu akisema wakazi wa mabondeni, kila msikiaji anaona Msimbazi na Jangwani, na baada ya mafuriko ya Desemba 2011 familia nyingi za huko zilipohamishiwa Mabwepande hakuna aliyeuliza bonde ni lipi. Katika Usukuma mteremko haujionyeshi kwa macho. Hujulikana kwa udongo. Anayetaka kujua maji yatakaa wapi hutazama chini ya miguu yake, na watu wa nchi hiyo wamelipa kila daraja la mteremko jina lake.

Juu kabisa, chini ya majabali, upo mchanga wa chenga kubwa uitwao isanga. Unaofuata ni luseni, mchanga laini zaidi, mwepisi kulimika, unaonyonya maji upesi. Ukizidi kushuka unafika itogolo, udongo wa kijivujivu wenye tabaka gumu chini yake. Hapo maji huingia kiasi cha shubiri moja au mbili kisha hukataliwa. Mahali pengine ipo ibambasi, ngumu zaidi na yenye chumvichumvi, ambayo hata majani huota kwa shida. Mwisho kabisa ni mbuga. Kutoka luseni hadi mbuga mtu anaweza kutembea nusu saa asihisi kwamba ameshuka. Katika miaka ya 1930 mtaalamu wa udongo aliyekuwa Amani, Geoffrey Milne, aliueleza ulimwengu wa sayansi jinsi udongo wa Afrika Mashariki unavyopangana kutoka kilimani hadi chini kwa utaratibu unaojirudia, akaupa mpangilio huo jina la Kilatini lenye maana ya mnyororo. Jina lake limeingia katika vitabu vya dunia nzima, na alistahili. Wakulima wa Usukuma nao walikuwa na jina kwa kila pete ya mnyororo huo.

Sasa natazama neno mbuga peke yake, maana ndilo lililonifanya niandike makala haya. Kwa msomaji wa Tanga au Zanzibar mbuga ni uwanda wa nyasi, na siku hizi zaidi ni mahali pa kutazamia wanyama. Kwa Msukuma mbuga ni udongo kwanza: udongo mweusi, mzito, wa mfinyanzi. Wakati wa kiangazi hupasuka nyufa ambazo mguu wa ndama huweza kuzama. Mvua za kwanza huingia katika nyufa hizo, na mgeni akitazama husema nchi hii inakunywa maji vizuri. Kisha udongo huvimba, nyufa hufumba, na kuanzia hapo mvua ile ile iliyonywewa mwezi Novemba hukaa juu ya ardhi mwezi Januari. Hivyo mtu anayesikia "mbuga" kwa sikio la Kiswahili sanifu husikia malisho na nafasi ya kujenga. Anayesikia kwa sikio la Kisukuma husikia saa inayohesabu. Neno ni moja, tena sote tunalitamka sawasawa, ndiyo maana hatushtuki.

Hapo ndipo ninapoona upungufu wa ile kauli ya "juu ya wastani". Sisemi kwamba ni uongo. Wataalamu wetu wa hali ya hewa hupima kwa uaminifu, na kauli hiyo ina maana kwa mtu mwenye vitabu vya takwimu mbele yake. Lakini mkulima hahitaji kujua tu mvua itakuwa kiasi gani. Anahitaji kujua itaanguka juu ya nchi iliyo katika hali gani. Mvua ya wastani juu ya mbuga iliyokwisha kufumba ni hatari kuliko mvua kubwa juu ya mbuga yenye nyufa. Wazee walikuwa hawapimi mvua kwa milimita, walikuwa wakitazama nyufa. Tangazo langu halikuwa na neno hata moja la kumwambia mtu atazame nyufa.

Makao ya zamani yalifuata mnyororo huu. Nyumba, mazizi na mashamba ya mtama vilikuwa juu, kwenye mchanga. Itogolo na kingo za mbuga zikawa za mpunga, katika vishamba vilivyozungushiwa kingo za udongo ambavyo Wasukuma huviita majaluba na Waswahili tumeviita majaruba. Msomaji aliyepata kuyaona majaruba ya Shinyanga mwezi Februari, yamepangana kama vigae, anaelewa kwamba hayo pamoja na kuwa shamba la wali ni ngazi za maji. Kila jaruba hushika kiasi chake na kumpunguzia mwendo yule anayefuata. Pamoja nayo kulikuwa na ngitili, yaani sehemu ya majani na miti inayofungwa wakati wa mvua ili mifugo ipate kula kiangazi, nayo huzuia maji yasitelemke kwa pupa. Mambo hayo hayakuitwa udhibiti wa mafuriko. Yalikuwa kulima na kufuga.

Yaliyovuruga utaratibu huo yanajulikana, nami nitayapitia haraka. Miti ilifyekwa kwa ajili ya kumfukuza mbung'o tangu siku za Mwingereza, na Shinyanga ikawa makao makuu ya kazi hiyo. Baada ya mwaka 1947 mpango wa maendeleo ya Usukuma ukaja na sheria ndogondogo zilizowalazimisha wakulima kufunga matuta ili maji yasikimbie. Kwa maudhui amri ile ilikuwa sahihi. Tuta lililofungwa ni ndugu yake jaruba. Kwa fani ilikuwa mbaya mno, kwa sababu ilikuja na faini na askari, basi watu wakalichukia tuta kwa kumchukia aliyeliamuru, na sheria hizo zilipokosa nguvu mwishoni mwa miaka ya 1950 wengi wakayaacha matuta pamoja nazo. Halafu ikaja Operesheni Vijiji, ambayo mwaka 1974 ilipanga nyumba kwa safu kandokando ya barabara. Sitaki kuisema operesheni hiyo kama wasemavyo wale ambao hawakupata chochote kutoka kwayo. Mimi nilijifunza kusoma katika shule ya kijiji cha namna hiyo, na bila shule hiyo nisingeandika haya. Lakini yule aliyepima safu ya nyumba kwa kamba hakuuliza udongo. Zile nyumba saba nilizozitaja zilikuwa katika safu hiyo, juu ya itogolo. Yule bibi alikuwa mmoja wa wale waliorudi kimyakimya kwenye mahame yao ya zamani, juu ya luseni.

Ngitili nazo ziliachwa, na zilikuwa zimebaki kama hekta 600 tu wakati mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambao wengi tunaukumbuka kwa jina la HASHI, ulipoanza mwaka 1986. Mradi huo ulitaka mwanzoni kupanda miti kwa mtindo wa vitalu. Baadaye wataalamu wake wakafanya jambo ambalo waandishi wa matangazo hatujalifanya: waliuliza watu wanaitaje. Wakaambiwa ngitili. Wakaliandika neno hilo katika taarifa zao, wakaziachia kaya na vijiji zifunge ngitili zao, na katika muda usiofika miaka 20 eneo lililohifadhiwa likapita hekta 300,000. Sidai kwamba neno ndilo lililootesha miti. Nadai kwamba mwananchi alipoisikia serikali ikisema ngitili alijua inasema juu ya kitu alicho nacho.

Kosa la tangazo langu lina ndugu mbali na Usukuma. Baada ya mafuriko ya mwaka 1968 katika Rufiji, serikali iliwahamisha wakulima wa bonde lile kwenda nchi ya juu, mwaka 1969. Nia ilikuwa kuwaokoa. Lakini mashamba yalibaki chini, na mazao ya mlau, yale yanayopandwa maji ya mafuriko yanapopungua, yalibaki kulekule. Kwa hiyo wakulima wakawa wanarudi na kulala katika madungu shambani kulinda mazao. Aliyeandika amri ile, kama mimi, aliyaona maji kama adui tu. Katika Rufiji mafuriko ndiyo mbolea, na katika Shinyanga maji ya mbuga ndiyo wali. Ukimwambia mtu "hama" bila kumwambia mpunga wake utalindwa na nani, umemwandikia nusu ya sentensi.

Washairi nasi tuna lawama yetu. Katika beti zetu mvua imekuwa baraka, na mafuriko yamekuwa mfano wa rushwa, wa mapenzi au wa misukosuko ya dunia. Ni nadra yawe maji. Tena picha zetu za maji karibu zote ni za pwani: chombo, tanga, kusi, mawimbi. Mimi mwenyewe, niliyezaliwa mahali ambapo bahari ni habari ya kusimuliwa, nimetunga beti nyingi juu ya nahodha na wala si hata ubeti mmoja juu ya nyufa za mbuga.

Hata hivyo hapana budi wasifuji wa mila nao waambiwe ukweli. Usiku wa tarehe 3 Machi 2015, huko Mwakata, wilaya ya Kahama, mvua kubwa ya mawe na upepo iliziangusha nyumba za udongo juu ya watu waliolala, na zaidi ya watu 40 wakafa. Maji yale yalitoka juu, hayakupanda kutoka chini. Hakuna jina la udongo ambalo lingewaokoa, na mtu anayesimama mbele ya msiba kama ule na kusema kwamba wazee walijua kila kitu anawakosea adabu wafu. Aidha tukumbuke kwamba mila hiyo hiyo iliyotupa luseni na itogolo iliwabebesha watemi jukumu la mvua, na kwamba katika nchi hiyo vikongwe wenye macho mekundu wameuawa kwa tuhuma za uchawi. Mtemi ameondoka katika utawala tangu 1963. Tabia ya kutafuta mtu wa kulaumiwa haikuondoka naye. Katika kurithi utamaduni tunarithi ghala lenye nafaka na panya, na ni wajibu wetu kupepeta.

Jambo gumu zaidi liko machimboni, na hapo ndipo maarifa ya zamani na tangazo la serikali vyote viwili vinapokwama.

Dhahabu imechimbwa Geita tangu miaka ya 1930. Mgodi mkubwa wa kwanza ulifungwa mwaka 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ulifunguliwa mwaka 2000. Kando ya migodi mikubwa wapo wachimbaji wadogo, maelfu kwa maelfu, wenye maduara yao na makarasha yao, kutoka Geita hadi Kahama na Msalala na hata Simiyu. Wametoka Kigoma, Mara, Kagera, Singida. Dhahabu inaposikika mahali watu hufika kabla ya mwezi kuandama, na inapokwisha huondoka. Hakuna aliyezaliwa pale, hakuna aliyeona pale maji ya mwaka 1998, na mwenyeji anayejua jina la udongo huenda ameuza shamba na kwenda zake. Duara huchimbwa popote mwamba unapoelekea, iwe luseni, iwe itogolo, iwe ndani ya mkondo uliokauka. Kisha mvua inakuja. Maji yanatafuta tundu, nalo tundu lipo tayari, lenye watu.

Mwezi Aprili 2015, mwezi mmoja na nusu tu baada ya Mwakata, watu 19 walifukiwa na kufa katika machimbo ya Kalole, Kahama, baada ya mvua kubwa. Tarehe 13 Januari 2024, huko Ng'alita, wilaya ya Bariadi, katika mkoa wa Simiyu uliomegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012, udongo uliolowa uliporomoka juu ya wachimbaji na miili 22 ikatolewa. Walikuwa vijana, wengi wao wenye umri wa kati ya miaka 24 na 38. Na hapa mhakiki wa matangazo asimame, kwa sababu tahadhari ilikuwapo. Uchimbaji katika eneo lile ulikuwa umezuiwa kwa ajili ya mvua. Walijua, wakaingia alfajiri.

Mtu wa haraka atasema: basi, walikaidi, wamejitakia. Hayo ndiyo maneno yangu ya 1997, na leo siwezi kuyasoma bila aibu. Mchimbaji wa duara mara nyingi halipwi mshahara. Hupata fungu lake katika mifuko ya mawe inayotoka chini. Siku isiyo na mawe ni siku isiyo na chakula, kwake na kwa mama lishe anayemkopesha. Katazo lisilosema juu ya fungu hilo limeandikwa kwa mtu mwingine. Nami naliuliza katazo swali la kisarufi: nafsi yake ni nani? Matangazo yetu husema "wananchi wote" au "wachimbaji wote", na neno "wote" ni mahali pazuri pa kujificha. Mwenye leseni hujiona si mchimbaji. Mwenye duara hujiona ni mfanyabiashara. Msimamizi husubiri mwenye duara. Anayebaki kuambiwa ni kijana aliye kwenye kamba, yaani yule mwenye uwezo mdogo kuliko wote wa kuamua kama duara litafungwa ama halitafungwa. Laiti tangazo lingesema: "Wewe mwenye duara, ambaye hukuuinua mdomo wa duara lako kwa kingo, usishushe mtu." Hapo msikiaji angejulikana, na wenzake wangemtazama.

Tena wachimbaji wanayo elimu yao, ijapokuwa ni changa. Mzee mmoja aliyetumia maisha yake katika maduara aliniambia kwamba timba hulia kabla ya kuvunjika, na kwamba ukuta uliokuwa mkavu ukianza kutoa jasho si siku ya kuuliza kulikoni. Matimba ni yale magogo yanayoshikilia kuta za duara. Mvua huyalowesha, udongo ulioshiba maji huyalemea, na mchwa walikwisha anza kazi kabla ya mvua. Maarifa haya hupitishwa kwa maneno mafupi ndani ya giza, mkongwe kwa mgeni. Sijaona hata mara moja yakiandikwa kwenye ubao. Sisi tunaandika "chukueni tahadhari", kana kwamba tahadhari ni kitu kinachouzwa dukani.

Nikitakiwa kutaja tahadhari iliyo bora kwa fani katika nchi ile, nitataja ile ambayo haiandikwi: mwano, yaani yowe la hatari. Vikundi vya sungusungu vilivyoanza mwanzoni mwa miaka ya 1980 katika Shinyanga na Kahama kwa ajili ya wezi wa ng'ombe vililitegemea sana. Mwano ni mfupi. Humwita aliye karibu, si "wote". Kila aliyeusikia hana budi aupokee na kuupeleka mbele, naye asiyeitika ataulizwa kesho alikuwa wapi. Tangazo lina msomaji. Mwano una mshiriki. Una udhaifu pia, maana hufika wakati hatari imekwisha fika, na usiku wa Mwakata radi na mvua vingeumeza. Ndiyo sababu nawasifu wataalamu wa hali ya hewa wa siku hizi kwa kupanga ngazi yao ya maneno matatu, angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa, ambayo huweza kumfikia mtu siku kadhaa kabla. Ngazi hiyo ni bora mara kumi kuliko karatasi yangu. Inachokosa ni hatua ya mwisho: inataja mkoa mzima wa Geita au Shinyanga, na mkoa hauna luseni wala itogolo. Hatua hiyo haiwezi kuandikwa Dar es Salaam wala Dodoma. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inazitambua kamati za maafa hadi ngazi ya kijiji, na kazi ya kwanza ya kamati hiyo, kwa maoni yangu, ni kutafsiri, nayo ni tafsiri kutoka Kiswahili kwenda katika ardhi.

Wapo watakaosema kwamba kuingiza maneno ya Kisukuma katika matangazo ni kurudisha ukabila. Siafiki. Kiswahili kilikwisha chukua majaruba, na leo mkulima wa Mbarali hujenga majaruba bila kuuliza kabila la neno. Kimechukua ngitili. Lugha ya Taifa hukua kwa kuchukua kila mahali neno la kitu ambacho mahali hapo wanakijua kuliko wengine. Pwani imetupa kusi na kaskazi, na sisi wa bara hatukulalamika.

Mwaka 2023, ilipotabiriwa tena kwamba El Niño ingeleta mvua nyingi, niliomba niandike tangazo la kata moja iliyo na wakulima upande mmoja na machimbo upande wa pili. Safari hii sikuandikia mezani. Nilikaa na wazee siku mbili, na karatasi iliyotoka ilikuwa na sentensi tano. Ilisema ni nyumba zipi zilizo juu ya itogolo na wenye nyumba hizo walale wapi nyufa za mbuga zikishafumba. Ilisema nani atapiga yowe na nani atalipokea. Iliwataja wenye maduara kwa cheo chao. Haikuwa na mizani yoyote. Niliisoma mwenyewe mkutanoni.

Kijana mmoja wa machimboni, mwenyeji wa Kigoma, akanyoosha mkono akauliza itogolo ni nini. Nikaanza kueleza kama nilivyoeleza hapa, na nikaona macho ya watu yakitoka kwangu na kuelekea dirishani. Mzee mmoja akainuka, akasema, "Ndugu yetu, ngoja kidogo." Akachukua jembe lililokuwa mlangoni akatutoa nje sote. Akachimba shimo moja upande wa juu wa barabara na jingine upande wa chini, yote mawili ya kimo cha goti, kisha akaagiza ndoo mbili za maji. Ndoo ya kwanza ilimiminwa katika shimo la juu. Kabla hajaiweka ndoo chini maji yalikuwa yameanza kuzama, na muda si mrefu shimo likabaki na tope tu. Ndoo ya pili ikamiminwa katika shimo la chini. Tulisimama tukitazama. Yule kijana akachutama, akatia kidole. Baadaye tukarudi ndani kuendelea na ajenda nyingine, na mkutano ulipofungwa saa nane mchana maji ya shimo la pili yalikuwa yangali pale pale, na kuku walikuwa wakiyanywa.